Mji wako unataka kuunganisha zimamoto na mji wa jirani? Fanya haya kabla hujapiga kura

Papa mmoja, yaani mzee, wa Uvira kule Kongo tunayesali naye hapa Kent alinikamata mkono pale pakingi baada ya ibada, akatoa kwenye koti kikaratasi cha rangi chenye picha ya gari la zimamoto, kimekunjwa mara nne mpaka kinaanza kuchanika, akaniuliza, "Mtoto wangu, hii karatasi inasema banataka kuuzisha ba-pompiye?" yaani wanataka kuwauza wazimamoto. Nikacheka. Halafu nikakisoma nikaacha kucheka, maana na mimi sikuelewa kitu, na nimekaa jimbo hili la Washington miaka kumi na tatu, nyumba ninayo, kodi ya jengo nalipa kila mwaka bila kujua inaenda wapi. Kumbe mji anaokaa yeye walikuwa wanafikiria kuunganisha zimamoto na huduma ya dharura na miji ya jirani, na mapendekezo kama haya huku kusini mwa Seattle hayaishi, leo huyu kesho yule. Basi nikakaa chini nikafuatilia, nikauliza watu, nikajua kumbe sio kitu kigumu, ila inabidi ujue pa kuangalia.

Sahau kwanza zimamoto ya nyumbani

Ukitoka Tanzania umezoea Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jeshi moja nchi nzima, unapiga 114 imeisha, na hata hilo lilikuwa vipande vipande chini ya halmashauri mpaka sheria ya 2007 ilipoliweka pamoja. Kenya zimamoto ni kazi ya kaunti. Huku ni mtindo mwingine kabisa: mji una zimamoto yake, sehemu zilizo nje ya mji zina wilaya zao za zimamoto zenye makamishna wa kuchaguliwa, na miji yenyewe imebanana kiasi kwamba unavuka taa moja ya barabarani umeshatoka Kent umeingia Renton au Tukwila na hata hujui.

Moto haujui mpaka, kwa hiyo hawa watu wamekuwa wakisaidiana siku nyingi. Ukipiga 911 ukiwa Kent, Renton, Auburn au Tukwila simu inapokelewa na kituo kimoja kinaitwa Valley Com, na gari linalotumwa mara nyingi ni lile lililo karibu hata kama ubavuni limeandikwa jina la mji mwingine. Weka hilo kichwani, kwa sababu kwenye mikutano kuna wakati utaambiwa "tukiungana, gari la jirani litaweza kuja kwako." Muulize kwa adabu, kwani sasa hivi haliji? Mara nyingi linakuja. Faida ya kuungana iko sehemu nyingine (mafunzo ya pamoja, machifu wachache, kununua magari kwa pamoja, kuhamisha watu pale penye upungufu bila kuandikiana barua) na hiyo ndo wakueleze.

Jua ni muungano wa aina gani

Hapa wengi tunachanganya. Tangu 2004 Washington ina sheria inayoruhusu miji na wilaya za zimamoto kuunda chombo kimoja chenye bodi yake na kodi yake, kwenye karatasi utaona herufi RFA, mimi ntakiita mamlaka. Auburn, Algona na Pacific walianza 2007, Kent ikafuata 2010 na mamlaka yake leo inaitwa Puget Sound, Renton ikaunda ya kwake 2016. Na sio kila mtu alikubali, Olympia na Tumwater walipelekewa kura Aprili 2023 wananchi wakasema hapana.

Sasa angalia pendekezo lenu liko wapi kati ya haya matatu. Inaweza kuwa mamlaka mpya kabisa, hapo kila upande unatoa viongozi watatu wa kuchaguliwa, wanakaa kama kamati wanaandika mpango, na mpango unaletwa kwenu mpige kura. Inaweza kuwa mji kujiunga na mamlaka ambayo ipo tayari, hiyo nayo inakuja kwenye kura. Au inaweza kuwa mkataba, yaani mji unamlipa jirani atuhudumie, na hapo hakuna kura ya mwananchi, baraza la mji linanyoosha mikono jioni moja kazi imekwisha.

Hii ya mkataba ndo watu tunalala nayo usingizi. Tukwila ilianza hivo na Puget Sound mwaka 2023. Lakini mfano wa kusoma vizuri ni Edmonds, huko kaskazini mwa Seattle. Wao waliachana na zimamoto yao wakawa wanahudumiwa kwa mkataba tangu 2010, maisha yakaenda, miaka ikapita, halafu aliyekuwa anawahudumia akatoa notisi kwamba mkataba utakwisha mwisho wa 2025. Ukishafika hapo utafanyaje, zimamoto yako mwenyewe huna tena, kuianza upya ni mamilioni na wafanyakazi utawatoa wapi, ikabidi Aprili 2025 wapige kura ya kujiunga moja kwa moja, wakajiunga. Sisemi walikosea. Nasema kama kwenu wanaongelea mkataba, swali lako la kwanza liwe: ukivunjika, tunarudi wapi na tunarudi na nini?

Hela, hapa tulia usome polepole

Nikisema kodi simaanishi ile unayompa mwenye nyumba kila tarehe moja, namaanisha kodi ya jengo, ile inayolipwa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Aprili na mwisho wa Oktoba. Kama una mkopo wa nyumba huioni kwa sababu benki wanakukata kidogokidogo kila mwezi na kukulipia, na ndo maana ikipanda unashtukia tu barua ya benki inasema malipo ya mwezi yameongezeka na unaanza kugombana na benki wa watu.

Ingia kwenye tovuti ya kaunti, weka anwani yako, utaona kodi yako imegawanywa: jimbo, kaunti, shule, maktaba, mji, na kuendelea. Kama mji wenu bado una zimamoto yake hutaona mstari wa zimamoto, kwa sababu imo ndani ya ule mstari wa mji pamoja na polisi, bustani na barabara. Mkiunda mamlaka zimamoto inatoka humo ndani inakuwa na mstari wake peke yake. Na mamlaka inaweza kukusanya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kodi ya kawaida kwa thamani ya nyumba, mwisho dola 1.50 kwa kila dola 1,000. Ya pili ni kitu wanaita ada ya faida ya zimamoto, na wakiichagua hiyo basi ile kodi ya thamani inashuka isizidi dola 1.00 kwa kila 1,000.

Hii ada haiangalii nyumba yako ina bei gani. Inaangalia ukubwa wa jengo, linatumika kwa kazi gani na likiwaka linahitaji maji na watu kiasi gani, na mwenye mitambo ya kunyunyizia maji kwenye dari anaweza kupunguziwa. Kwa hiyo nyumba mbili za bei moja, moja kubwa ya zamani na nyingine ndogo mpya, hazilipi sawa. Maghala makubwa ya hapa bondeni Kent yanabeba mzigo wake, na apatimenti pia zinabeba, kwa hiyo wewe mpangaji usidhani haikuhusu, mwenye apatimenti hatatoa mfukoni mwake wakati mkataba wako wa kupanga unakaribia kuisha. Makanisa na misikiti imesamehewa, na wazee wenye kipato kidogo wanaopata punguzo la kodi ya jengo wanapunguziwa na hii ada. Ukitaka kuianzisha lazima asilimia 60 ya wapiga kura wakubali, na ni ya miaka sita, ikiisha wanarudi kwenu kuomba tena. Olympia na Tumwater mpango wao ulikuwa na ada hii ndani yake.

Sasa kitu chenyewe ambacho nataka utoke nacho hapa. Mji ukishaondoa zimamoto kwenye bajeti yake, ile hela iliyokuwa inalipa zimamoto inakwenda wapi? Watu wengi wanadhani mji utashusha kodi yake moja kwa moja. Sio lazima. Sheria inashusha kikomo cha juu ambacho mji unaruhusiwa kutoza, lakini kama mji ulikuwa unatoza chini ya kikomo hicho tayari, unaweza ukabaki palepale au ukashusha kidogo tu, na hela iliyobaki ikaenda polisi, barabara, popote.

Ngoja nikupigie hesabu, namba ni za mfano tu usizibebe kwenda nazo kikaoni. Nyumba ya dola 600,000. Mji unatoza 2.40 kwa kila 1,000, unalipa 1,440. Mamlaka inaingia na 1.00, hiyo 600, na ada ya 350, jumla 950. Kama mji utashuka mpaka 1.20, mji unachukua 720, jumlisha na 950 unapata 1,670, yaani umeongezewa dola 230 kwa mwaka, kama dola 19 kwa mwezi, mtu unaweza kuvumilia kama huduma inakuwa nzuri. Lakini mji usiposhuka, unalipa 1,440 na 950 juu yake, umeongezewa 950. Zimamoto ni ileile, magari ni yaleyale, tofauti yote ya 230 na 950 imetokana na uamuzi wa mji na sio wa mamlaka. Na kikaratasi cha rangi chenye picha ya gari kinaongelea mamlaka tu. Umeona mchezo ulipo?

Kwa haki niseme na upande wa pili, miji sio kwamba wote ni wajanja wajanja. Sheria ya hapa inawazuia kuongeza makusanyo ya kodi ya jengo kwa zaidi ya asilimia 1 kwa mwaka bila kura, ukitoa majengo mapya, na mishahara, bima na bei ya magari haviwezi kusubiri asilimia 1. Kwa hiyo kila mwaka wanabana, wanabana, mwisho wanatafuta mlango, na huu ni mlango halali kabisa. Tatizo ni pale wanapouita akiba. Zimamoto mbili zikiungana mishahara haishuki, kawaida inapanda ikalingane na ya yule aliyekuwa analipwa zaidi, na hakuna chama cha wafanyakazi kitakachokubali vinginevyo. Pensheni haiguswi, ni ya jimbo. Mnachookoa ni nafasi chache za wakubwa, ovataimu, na ununuzi. Kwa hiyo mtu akikwambia mtaokoa hela nyingi mwambie akuonyeshe mstari kwa mstari. Na uulize stesheni na magari yanahamia kwa nani, na deni la stesheni kama lipo linabaki kwa nani, maana hutaki kuendelea kulipia jengo ambalo sio lenu tena.

Dakika, na nani anakuja mlangoni

Mara ya kwanza kupiga 911 ilikuwa baba mkwe amekuja kututembelea, usiku akashika kifua anatoka jasho, nikapiga, baada ya dakika chache likaja gari jekundu la zimamoto, nikajua nimekosea maneno, nimesema moto. Jamaa wanne wakaingia na mabuti yao mpaka kwenye mkeka, mke wangu anaangalia mabuti, mimi naangalia mzee, wakamkalisha, wakambandika zile waya za moyo, mmoja akapiga goti anamwongelesha taratibu kwa Kiingereza na mzee anamjibu kwa Kiswahili na wanaelewana. Ambulensi ya kampuni binafsi ikaja baadaye ikambeba, na bili ikaja baada ya wiki kadhaa, hiyo ni hadithi nyingine sitaki kuikumbuka.

Nilikuja kujifunza kumbe sehemu kubwa ya kazi ya zimamoto huku sio moto, ni watu wanaoumwa. Kaunti ya King ina ngazi mbili. Wanaokuja kwanza ni zimamoto waliosomea EMT, yaani huduma ya kwanza ya dharura. Kama hali ni mbaya sana wanakuja paramediki, waliosomea zaidi ya hao, wa Medic One, mpango ulioanza Seattle mwaka 1970, ulioasisiwa na daktari Leonard Cobb wa hospitali ya Harborview na chifu wa zimamoto Gordon Vickery, na tangu 1979 wananchi wa kaunti nzima wanaulipia kwa kodi yake ya peke yake. Kwa hiyo zimamoto za miji zikiungana, Medic One haifi, na ile kodi yake inabaki palepale. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp aliandika kwamba paramediki wataondolewa, ikasambaa siku mbili watu wanaogopa bure.

Cha kuuliza kuhusu ambulensi: je chombo kipya kitakuwa na ambulensi zake za kubeba wagonjwa wa kawaida, na kama ndiyo, bili itakuwaje kwa mkazi ambaye tayari analipa kodi?

Halafu dakika. Usikubali kupewa wastani. Chukua simu kumi, nane gari limefika kwa dakika 4, mbili limefika kwa dakika 14, wastani ni dakika 6, inaonekana safi kabisa, wakati wale wawili wa dakika 14 ndo labda wanakaa mtaa wako. Omba takwimu ya asilimia 90, yaani katika simu tisa kati ya kumi gari linafika ndani ya dakika ngapi, na omba kwa stesheni, sio kwa mji mzima. Sheria ya jimbo inawataka wenye zimamoto ya kuajiriwa wajiwekee viwango na watoe ripoti kila mwaka kusema wapi wamefikia na wapi wameshindwa, kwa hiyo usikubali kuambiwa hazipo. Kipimo wanachokitaja sana cha kitaifa, NFPA 1710, kinataka gari la kwanza lisizidi dakika 4 njiani tangu kutoka stesheni, likiwa na watu wanne ndani. Uliza magari yenu yanatoka na wangapi, watatu au wanne. Watatu inaonekana tofauti ndogo mpaka siku nyumba inawaka.

Bima ya nyumba nayo inaangalia. Kuna shirika la hapa Washington linaipa kila jamii alama kuanzia 1 mpaka 10, 1 ndo nzuri, na kampuni za bima zinaitumia kupanga bei. Uliza alama yenu ni ngapi na ya jirani ni ngapi.

Viti

Mji mkubwa ukiungana na mdogo, nani anaamua? Haya yamo kwenye mpango, tafuta ukurasa wa bodi. Auburn, Algona na Pacific wamepanga kila mji viti vitatu, Algona yenye watu elfu tatu na kitu ina sauti sawa na Auburn. Sehemu nyingine wanagawana tofauti. Ukikuta mji wenu una kiti kimoja kati ya saba jua kwamba siku wanataka kufunga stesheni yenu mtakuwa mnaomba, hamuamui.

Namna ya kuuliza

Vikao vya baraza viko wazi kwa kila mtu, raia au sio raia, mwenye nyumba au mpangaji, na siku hizi mara nyingi unaweza kuingia hata kwa Zoom ukiwa kazini umeweka simu kwenye ndoo ya usafi kama mimi nilivyofanya. Muda wa kuongea ni mfupi, dakika mbili tatu, kwa hiyo usianze kujitambulisha ukoo mzima kama tunavyozoea, salamu moja halafu swali. Usiende na maswali kumi, nenda na moja wasiloweza kulikwepa. Kama Kiingereza kinakusumbua piga simu ofisi ya karani wa mji siku kadhaa kabla uombe mkalimani.

Makaratasi unaomba kwa imeili, hata kwa Kiingereza kibovu kinaeleweka. Andika kwamba unaomba nyaraka za umma, taja unachotaka kwa jina: mpango wenyewe, uchambuzi wa fedha wa miaka ijayo, ripoti ya dakika kwa kila stesheni, na makadirio ya mji ya kodi yake baada ya kuungana. Sheria inawapa siku 5 za kazi wakujibu, hata kama jibu ni "tunahitaji muda." Tunza hiyo imeili. Usiombe "kila kitu kuhusu zimamoto", watakuletea kurasa elfu moja mwezi wa nane wakati kura ilikuwa mwezi wa nne.

Kura zenyewe mara nyingi zinawekwa Februari au Aprili, zile chaguzi ndogo ambazo watu hatuzijali, bahasha inakuja na posta unaiweka juu ya friji mpaka siku imepita. Kiswahili hakimo kwenye lugha za karatasi ya kura, kwa hiyo kaa na kijana wako msome kile kijitabu cha wapiga kura, kina hoja za wanaounga mkono na za wanaopinga, na mara nyingi za wanaopinga ndo zina namba. Na hili naliandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona mtu akiumia: KAMA WEWE SIO RAIA USIPIGE KURA, hata kama bahasha imekuja kwa jina lako kwa makosa, green card sio uraia, na kesi yako ya uhamiaji inaweza kuharibikia hapo. Nenda kikaoni ukaongee, hiyo ruksa unayo.

Papa wa Uvira alienda. Nilimpeleka mwenyewe Jumatatu jioni, amevaa suti ya kahawia ya harusi ya binti yake, mjukuu wake wa miaka kumi na tano akitafsiri. Aliuliza kitu kimoja tu, ile hela mliyokuwa mnalipa zimamoto kila mwaka, mkishaungana itaenda wapi. Kukawa kimya kidogo, mmoja akamwangalia yule wa fedha, yule wa fedha akasema ni swali zuri sana na watamjibu kwa imeili. Sasa imeili aliyoiandika pale ni ya kwangu, kwa hiyo kila Jumapili pale pakingi ananishika mkono uleule, "Mtoto wangu, barua imefika?"